Yale matoleo ya zamani msiyatoe kwenye rafu za marejeo

Kuna sehemu ya maktaba ambayo watu wengi wanaipita tu wakiwa wanatafuta meza ya kukaa au soketi ya kuchajia simu, nayo ni ile ya vitabu vya marejeo. Kamusi nene, ensaiklopidia za juzuu ishirini na kitu, atlasi ambazo ukiifungua moja meza yote imejaa, vitabu vya mwaka vya takwimu, almanaka, magazeti yaliyojalidiwa mwaka kwa mwaka, vyote vimegongwa muhuri kwamba haviazimwi, unasomea hapohapo. Mimi ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote na leo nataka niitetee, hasa ile safu ya chini kabisa yenye matoleo yaliyopitwa na wakati, kwa sababu nafasi ikibana hayo ndiyo yanatangulia kutolewa.

Naelewa kwa nini yanatolewa. Mtu anauliza, ensaiklopidia ya 1911 ya kazi gani leo wakati kila kitu kipo kwenye simu, idadi ya watu imebadilika, nchi zimebadilika majina na mipaka, na baadhi ya dawa zinazosifiwa humo leo tunajua ni sumu. Kweli kabisa. Ukitaka kujua dozi ya dawa usifungue kitabu cha 1911. Lakini je, anayetaka kujua watu wa 1911 waliamini nini kuhusu hiyo dawa, yeye aende wapi? Hilo huwezi kulipata kwenye toleo la sasa kwa sababu kazi ya toleo la sasa ni kufuta ya jana na kuweka ya leo.

Na hapa ndipo vitabu vya marejeo vinapotofautiana na vitabu vingine. Riwaya ni akili ya mtu mmoja, hotuba ni ya mtu mmoja mwenye lake analolitaka, hata kitabu cha historia kina mwandishi anayebishana na wenzake. Ensaiklopidia au kamusi yenyewe inajaribu kuandika yale ambayo kwa wakati ule watu wenye elimu waliyaona hayana ubishi. Kwa hiyo ukiisoma miaka mia baadaye unaona mpaka wa ujuzi wa watu wale, walichojua, walichobahatisha, na yale waliyoyapita haraka bila kuyaangalia mara mbili.

Chukua toleo la kwanza kabisa la Encyclopædia Britannica lililotoka Edinburgh kati ya 1768 na 1771, juzuu tatu tu. Humo California inatajwa kuwa haijulikani vizuri kama ni kisiwa au ni rasi. Na ukitafuta mwanamke unakuta maneno machache mno, kwamba ni jike la binadamu, basi, halafu unaelekezwa kwenye makala nyingine. Sasa fikiria, wahariri walewale wamejaza kurasa na kurasa za anatomia na maradhi ya farasi. Hakuna mwanahistoria anayeweza kukueleza kwa ufupi hivyo nafasi ya mwanamke kwenye vichwa vya wasomi wa Scotland wa karne ya 18, maana huyo atakuwa anakueleza yeye, ila pale wamejieleza wenyewe bila kujua kwamba wanajieleza.

Halafu kuna sababu nyingine nzito zaidi ya kuweka matoleo ya zamani, nayo ni kwamba kuna watu wanataka kuyabadilisha. Kisa kinachojulikana sana ni cha Ensaiklopidia Kuu ya Kisovieti, toleo la pili. Juzuu ya tano ilitoka 1950 ikiwa na makala ndefu ya kumsifu Lavrentiy Beria, mkuu wa polisi wa siri wa Stalin, na picha yake kubwa juu. Stalin akafa Machi 1953, Juni mwaka huohuo Beria akakamatwa, Desemba akauawa. Baada ya hapo waliokuwa wamejiandikisha kununua ile ensaiklopidia wakaletewa bahasha yenye kurasa mpya pamoja na maelekezo kwamba chukua mkasi au wembe, kata kurasa fulani na ile picha, acha kipande pembeni cha kubandikia, kisha bandika hizi. Hizo kurasa mpya zilijaa habari za Bahari ya Bering na za bwana mmoja wa karne ya 18 aliyeitwa Bergholz, yaani chochote kile kinachoanzia na herufi hizo kilivutwa ili kizibe pengo. Kila nikikifikiria kisa hiki nawashukuru wakutubi ambao walipata ile bahasha na hawakushika wembe. Kwa sababu ya nakala ambazo hazikukatwa leo tunaweza kuweka kurasa mbili kando kwa kando na kuona kilichofutwa na kilichowekwa mahali pake.

Sasa msinielewe vibaya, sisemi kwamba kitabu kikiwa cha zamani kina ukweli zaidi. Vitabu vya marejeo vinanakiliana sana na kosa moja linaweza kuishi ndani yake karne nzima. Mfano mzuri ni Milima ya Kong. Mwaka 1798 mchora ramani wa Kiingereza James Rennell alichora safu ndefu ya milima ikikatiza Afrika Magharibi, akitegemea habari za safari ya mpelelezi Mskoti Mungo Park na nadharia yake mwenyewe kuhusu mto Niger unakopita. Wachora ramani wengine wakanakili, wengine wakairefusha, wengine wakaongeza theluji kileleni! Ikawa kwenye atlasi za shule, kwenye kamusi za jiografia, kila mahali. Mfaransa Louis-Gustave Binger alipopita huko kati ya 1887 na 1889 akakuta mji wa Kong upo lakini milima hakuna, hata vilima vya maana hakuna. Na hata baada ya yeye kusema hivyo ramani nyingine ziliendelea kuichora. Watu waliokuwa wakiishi huko na kufanya biashara kwenye njia zile miaka yote walijua hakuna mlima, ila hawakuwa na kitabu kwenye rafu za London na Paris, na mimi hiyo ndiyo sehemu inayoniuma zaidi kwenye kisa hiki.

Ndiyo maana nikifungua kitabu cha marejeo cha zamani naanzia mbele, kwenye dibaji. Watu wanairuka dibaji, wanakimbilia ingizo wanalolitaka, wanapiga picha na simu wanaondoka. Jamani, kwenye dibaji ndiko wahariri wanakosema habari walizipata wapi, walikomea mwaka gani kukusanya, nani alilipia kazi, nini waliacha nje na kwa nini. Kitabu kikiwa kimechapwa 1925 haimaanishi takwimu zake ni za 1925, pengine ni za sensa ya miaka kumi na tano nyuma. Halafu kuna uchapaji upya na kuna toleo jipya, ni vitu viwili. Uchapaji upya ni maneno yaleyale kwa wino mpya, toleo jipya ndilo limehaririwa, na hata hapo inawezekana wamegusa makala chache tu na nyingine zikabaki vilevile kwa miaka arobaini.

Kuhusu kunakiliana, wachapishaji wenyewe wanajua na wana mitego yao. New Columbia Encyclopedia ya 1975 ina makala ya mpiga picha aitwaye Lillian Virginia Mountweazel, aliyezaliwa 1942 na kupiga picha za masanduku ya barua ya vijijini Marekani, akafa kwa mlipuko akiwa kazini. Hajawahi kuwepo. Wahariri walimtunga ili mtu akiwaibia makala wamkamate kirahisi. Ukikutana na mama huyu kwenye ensaiklopidia nyingine ujue wamekopi tu bila kuchunguza.

Tuje kwenye kamusi za Kiswahili, maana hapa ndipo nashinda sana. Kwa mtu anayeipenda lugha hii hakuna raha kama kuzipanga mezani kwa miaka yake. Unaanza na ya Ludwig Krapf iliyotoka London 1882, yeye mwenyewe alikuwa ameshafariki mwaka mmoja kabla. Krapf aliishi Rabai karibu na Mombasa, kwa hiyo Kiswahili alichokiandika kina harufu ya Mvita, na hakutoa maana peke yake, anaweka sentensi, anaeleza desturi, anaeleza kitu kinatengenezwaje, yaani ingizo moja linaweza kuwa kijihadithi. Kisha unakuja kwa Edward Steere na A. C. Madan waliokuwa Unguja, Kiswahili kinabadilika harufu. Kisha 1939, mwaka mmoja, zinatoka mbili kubwa, ile ya Frederick Johnson iliyotokana na kazi ya Kamati ya Lugha iliyoundwa 1930 kusanifisha Kiswahili, na ile ya Padri Charles Sacleux iliyochapwa Paris, ambayo imejaa lahaja, neno hili la Kiamu, hili la Kimvita, hili la Kiunguja, ameweka alama kila mahali. Halafu 1981 inakuja Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, yaani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo maana zake zimeelezwa kwa Kiswahili chenyewe.

Ukizisoma hivyo kwa mfululizo unaiona kabisa usanifishaji ukifanyika mbele ya macho yako, maneno ya pwani ya kaskazini yanapungua, ya Unguja yanatawala, mengine yanarudi baadaye kwa alama kwamba ni ya kishairi au ni ya kale. Mshairi anayesoma tenzi za Pate na Lamu akiwa na kamusi ya kisasa tu atakwama mstari wa tatu. Akiwa na Sacleux na Krapf pembeni ataenda mbali sana. Sasa mtu aniambie kamusi ya 1882 imepitwa na wakati, imepitwa kwa nani?

Na magazeti nayo. Mambo Leo lilianza kutoka 1923 chini ya idara ya elimu ya Tanganyika na lilikwenda kwa miongo mingi. Lilikuwa gazeti la serikali ya kikoloni kwa hiyo kuna mambo hutegemei kuyakuta humo, lakini kuna mashairi ya wasomaji, barua, matangazo ya biashara, habari za mikoani zilizoletwa na walimu na makarani, na Kiswahili chenyewe jinsi kilivyokuwa kinaandikwa na watu wa kawaida wa zama zile. Nyuma zaidi kuna Msimulizi la 1888 la wamisionari wa Zanzibar. Anayetafuta historia ya uandishi wa habari wa Kiswahili akaanzia miaka ya uhuru amekosa mwanzo wote.

Vitabu ninavyovionea huruma zaidi ni vile visivyo na heshima, vile ambavyo hakuna anayevijalidi kwa ngozi. Vitabu vya namba za simu. Ratiba za treni na meli. Katalogi za mbegu na mashine. Vitabu vya mwaka vya vyama na taasisi. Vilitengenezwa vitumike mwaka mmoja vitupwe, na kweli watu walivitupa, ndiyo maana nakala iliyobaki maktaba inaweza kuwa ndiyo hiyohiyo tu. Lakini hebu waza kinachosomeka humo. Kitabu cha simu cha mji cha miaka sitini iliyopita kinakuonyesha nani alikuwa na simu na nani hakuwa nayo, mitaa ilikuwa na majina gani kabla hayajabadilishwa, biashara gani zilikuwa wapi, familia gani zilikuwepo na toleo la miaka kumi baadaye hazipo tena. Hakuna aliyekaa akaandika historia hiyo, imejiandika.

Mfano mmoja mkubwa ni daftari za meli. Mabaharia walikuwa wakiandika kila baada ya saa chache upepo unatoka wapi, joto kiasi gani, shinikizo la hewa, hali ya bahari, siku hadi siku, mwaka hadi mwaka, na lengo lao lilikuwa safari tu. Daftari hizo zikakaa kwenye hifadhi za nyaraka zikionekana hazina msomaji. Mwaka 2010 ukaanzishwa mradi unaoitwa Old Weather ambapo watu wa kujitolea kupitia intaneti walisoma kurasa zilizopigwa picha za daftari za meli za kivita za Uingereza za wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na kuziingiza namba zake kwenye kompyuta, ili wanasayansi wa hali ya hewa wajue bahari na anga vilikuwaje enzi ambazo vituo vya kupimia vilikuwa vichache. Yaani karatasi za baharia wa 1916 leo zinamsaidia mtu anayechunguza mabadiliko ya tabianchi. Yule aliyezihifadhi hakujua wala asingeweza kujua zitatakiwa kwa kazi gani. Na ndiyo maana swali la "nani atakisoma" silikubali kama kipimo cha kutoa kitu.

Sasa kuna adui ambaye hana nia mbaya na mtu, karatasi yenyewe. Ukishika kitabu cha karne ya 17 mara nyingi karatasi bado laini na nyeupe, ukishika gazeti la 1920 linakatika mkononi kama jani kavu. Sababu ni kwamba zamani karatasi ilitengenezwa kwa matambara ya pamba na kitani, kisha kuanzia katikati ya karne ya 19 viwanda vikahamia kwenye ubao uliosagwa, na vikatumia shabu na ulimbo ili wino usisambae. Mchanganyiko huo ukikutana na unyevu wa hewa unatoa asidi, na asidi inakata nyuzi za karatasi polepole kwa ndani. Kwa hiyo vitabu na magazeti ya takriban 1850 hadi mwishoni mwa karne ya 20 yanajila yenyewe, na hicho ndicho kipindi ambacho watu wengi duniani walianza kuchapwa kwa lugha zao wenyewe. Kuna njia za kupunguza asidi kwa kutia madini ya alkali, na tangu 1994 kuna kiwango cha kimataifa cha karatasi ya kudumu, ISO 9706, ila hicho kinasaidia vitabu vipya. Vya zamani vinahitaji sanduku zuri, ubaridi, ukavu, giza, na mtu wa kuvijali.

Mtu atasema skani basi yaishe. Skani, tena skani sana, mimi nafurahi kila nikiona juzuu nzima ya karne ya 19 naweza kuipakua bure nikaisoma usiku kitandani. Ila tusiuze cha asili kwa sababu tuna picha. Picha za maikrofilamu, yaani kurasa zilizopigwa kwa udogo kwenye mikanda ya filamu kabla ya skani, nyingi ni za rangi nyeusi na nyeupe, kurasa nyingine hazisomeki, nyingine zilirukwa, ramani za kukunjua zilipigwa zikiwa zimekunjwa. Na kutafuta maneno kwenye skani si jambo la kuaminiwa moja kwa moja, kompyuta inasoma herufi za zamani vibaya, ile s ndefu ya vitabu vya Kiingereza vya karne ya 18 inaisoma f, na Krapf tahajia yake si ya leo, kwa hiyo ukiandika neno kwa tahajia ya sasa na likakuambia halipo, lipo, fungua kurasa kwa mkono.

Na bado moto. Tarehe 18 Aprili 2021 moto ulishuka kutoka mlimani ukaunguza chumba cha kusomea cha maktaba ya Jagger, Chuo Kikuu cha Cape Town, na sehemu kubwa ya mkusanyiko wa vitabu vilivyochapwa vya masomo ya Afrika ikaenda, takriban vitu 70,000. Milango ya kuzuia moto ilishuka ikaokoa vilivyokuwa sehemu nyingine, lakini vile vya chumba cha kusomea vimekwenda. Tukirudi nyuma zaidi kuna ile ensaiklopidia ya China ya Yongle iliyokamilika 1408, juzuu 11,095 zilizoandikwa kwa mkono, ya asili imepotea yote na ya nakala iliyofanywa karne ya 16 zimebaki kama 400 tu, zimetawanyika maktaba mbalimbali duniani. Nakala zikiwa sehemu nyingi kazi inapona. Ufaransa waliona umuhimu wa kukusanya mapema sana, mwaka 1537 mfalme François I aliamuru kila kinachochapwa nakala moja iletwe kwenye maktaba yake, na nchi nyingi leo zina sheria ya namna hiyo, lakini maktaba moja ya taifa peke yake haitoshi, inatakiwa na ile ya chuo, na ya mkoa, na ya misheni, na ya kijiji.

Kama unataka kuanza kuvitumia, nenda kwa mkutubi umweleze swali lako lote, usimwambie jina la kitabu tu. Sema nataka kujua bei za mazao zilivyokuwa kabla ya vita, au nataka kujua babu yangu alifanya kazi idara gani. Wao wanajua kuna kitabu cha mwaka cha idara kipo stoo ambacho kwenye katalogi ya kompyuta hakijaingizwa hadi leo, kipo kwenye kadi tu. Uliza kama kuna juzuu ya faharasa, inakaaga mwisho wa safu na ndiyo inayookoa muda, na uliza kama kuna nyongeza, maana ensaiklopidia nyingi zilitoa juzuu za nyongeza za kila mwaka na ndizo zinazopotea kwanza.

Britannica walitangaza 2012 kwamba hawachapi tena kwenye karatasi, baada ya miaka 244, la mwisho ni lile la 2010 la juzuu 32. Kamusi na ensaiklopidia nyingi sasa zinaishi kwenye mtandao na zinahaririwa kimyakimya, makala uliyoisoma jana leo inaweza kuwa na sentensi nyingine na huoni mkasi ulipopita. Wikipedia angalau ina ukurasa wa historia ambapo kila badiliko tangu makala ianze unaweza kulifungua na kulilinganisha, na natamani kila kamusi ya mtandaoni ingekuwa nao. Hadi hapo, ukinukuu kitu kutoka huko andika na tarehe uliyokisoma, na kama una uwezo kihifadhi ukurasa wote, maana toleo la leo halina rafu ya chini ya kuwekwa.